Shingo Tu

Mume wangu aliumwa sehemu mbili, shingo na mgongo, lakini ugonjwa uliotajwa nyumbani kwetu ulikuwa mmoja. Shingo mwanamume anaweza kuitaja popote: sokoni, kanisani, hata mbele ya mama mkwe wake. Mgongo hapana. Hapa Bunia mwanamume akisema "mugongo inanisumbua", wanaomsikia wanaangalia pembeni na kubana midomo, halafu mmoja anauliza kwa upole mke wake anaendeleaje. Wauza mizizi kando ya soko kuu wanaita tangu asubuhi, "Dawa ya mugongo! Dawa ya mugongo!", huku wakitikisa vichupa vya maji ya kahawia, na hakuna mpita njia anayedhani wanazungumzia mifupa. Wanazungumzia kazi ya mwanamume kitandani. Neno liliibiwa zamani, kabla hatujazaliwa, na mtu ambaye mgongo unamuuma kwelikweli hakuachiwa neno lingine.

Alikuwa shofere wa kamiyo, lori la mizigo. Alipeleka sabuni na chumvi Niania, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Kutoka Epulu kwenda mbele, mvua ikinyesha, ile si barabara, ni mashimo yaliyofuatana. Kamiyo inazama hadi kwenye ekseli, watu wanashuka na kuchimba, wanalala palepale, kesho wanachimba tena. Kiti chake kilikwisha sponji siku nyingi, akawa anakalia gunia lililokunjwa. Mifupa ya mtu haikuumbwa kwa kiti kile, na mimi nilishamwambia, naye alishaniambia kwamba kiti si cha mama yangu.

Miaka ile tuliambiwa amani imerudi. Na kweli ilikuwapo amani ya namna fulani. Watoto walimaliza mwaka wa shule bila kukimbia, na mimi niliweza kuacha vitambaa vyangu sokoni usiku nikavikuta asubuhi. Lakini chini ya kitanda nilikuwa bado na begi moja lililofungwa, lenye nguo za watoto na sufuria, na sikujua jirani hata mmoja aliyekuwa amefungua lake.

Maumivu yalimjia polepole. Kwanza alishuka kwenye kamiyo kama mzee, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kiunoni. Nilipoutazama ule mkono wa kiunoni aliuondoa haraka na kuupeleka shingoni. "Ni shingo," alisema. Na shingo ilimuuma kweli, sisemi alidanganya. Ila shingo ilikuwa mtoto, na mama mtu alikuwa chini.

Tukaanza kutafuta mtu wa kumtibu. Bunia hakuna uhaba wa waganga, kuna uhaba wa kujua yupi ni yupi, maana sisi tunamwita munganga kila anayegusa mgonjwa: wa hospitali, wa mizizi, wa kukanda, hata yule wa maombi. Muuguzi wa mtaa wetu wa Nyakasanza alimchoma sindano begani. Mama mmoja wa Mudzipela, anayekanda watu kwa mawese ya moto, alianza vizuri kwenye shingo, lakini mikono yake iliposhuka chini ya mabega mume wangu aliishika yote miwili. "Inatosha hapo, mama. Ni shingo tu." Mchungaji naye aliweka kiganja pale alipoonyeshwa, akaombea pale alipoonyeshwa. Nilikaa pembeni nikiomba kimoyomoyo kwamba Mungu angalau asifuate maelekezo.

Mwishowe tulikwenda kwa daktari wa kliniki, ambaye alimpiga radio, yaani picha ya mifupa ya shingo. Picha ilitoka na mifupa yake myeupe, daktari akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema imechakaa kidogo kama ya kila shofere. Akampa kola ngumu ya kuvaa shingoni. Hiyo kola aliipenda, nami nikaichukia kuliko nilivyowahi kuchukia kitu kisicho na roho. Aliivaa kanisani, wakampisha kwenye benchi la mbele. Aliivaa njiani, akaniambia hata wanajeshi kwenye barieri za barabarani walimwonea huruma na kumwacha apite bila maneno mengi. Alitembea mtaani ameinua kidevu kama naibu waziri, na watu wakamsimamisha kumpa pole. Ugonjwa wenye heshima ni huo. Huku chini ya ile kola, mwili mzima ulikuwa unamponyoka.

Niliona kwa kandambili. Siku moja alivuka ua kwenda chooni, kandambili ya kulia ikabaki katikati ya ua. Hakugeuka. Aliendelea kutembea, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja bila, kwenye changarawe, kama kwamba miguu yote ilikuwa imevaa. Nikaiokota na kumngojea. Aliporudi alinitazama, akatazama mkono wangu, kisha akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeingia uani bila hodi.

"Imekatika," alisema.

Haikuwa imekatika. Nikamvalisha, na nilipomgusa kidole gumba hakushtuka. Tangu siku hiyo akavaa viatu vya kamba hata nyumbani, na mimi nikaanza kuogopa vibaya sana. Shofere asiyesikia mguu wake anakanyaga vipi breki kwenye mteremko? Nilikuwa nikimwona akiondoka na kamiyo imejaa, abiria wamekaa juu ya magunia, nikaona watu wote wale wako kwenye kidole kile gumba.

Na lile jingine pia lilikuwapo, ambalo siwezi kuliruka ingawa kalamu yangu inataka kuliruka. Kitandani mambo yalikuwa yamekwisha. Hayakupungua, yalikwisha, na hatukuzungumza. Alilala amenipa kisogo nami nikamwacha. Nilihesabu kwamba ni uchovu, halafu nikahesabu kwamba ana mwanamke Mambasa, na nakiri kuna wiki nilizotamani awe ni mwanamke, maana mwanamke wa Mambasa ningejua la kumfanya.

Kwa nini sikusema? Mtu wa mbali atauliza hivyo. Kwetu, mwanamke akitamka kwamba mugongo wa mume wake umekwisha, haelezi ugonjwa, anafungua kesi. Ndugu wa pande mbili wanakaa, mashahidi wanaitwa, watu wazima wanaulizana mambo ya chumba chenu wakiwa wameshika vikombe vya chai. Ng'ombe wa mahari wanatajwa mmoja mmoja kwa rangi. Ndoa nyingi zimeishia hapo, na mwanamume anabaki na jina ambalo hata watoto wake watalisikia shuleni. Sikutaka kesi. Nilitaka daktari.

Nikajaribu njia ya kuzunguka. Sokoni, mwanamke mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na mjomba aliyewahi kupooza miguu akapona, nikamuuliza kwa sauti ya chini mjomba wake alitibiwa na nani, na kama yule munganga anajua mambo ya mgongo. Nilitaja lile neno mara moja tu, tena nusunusu. Aliniangalia kwa huruma nyingi mno, akasema ataulizia. Kabla ya kufunga soko nikakuta juu ya vitambaa vyangu kichupa kilichofungwa kwa gazeti. Hakuna aliyesema kimetoka wapi. Safu nzima ya wauza vitambaa ilikuwa imeinama inakunja mali yake kwa bidii ambayo sijapata kuiona. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya la tatu, nikakitia kichupa ndani ya mfuko nikasema asanteni.

Nikamrudia yule muuguzi wa mtaa, peke yangu.

"Mama, sikia," aliniambia, "kuna munganga wa mifupa, kuna wa mishipa, kuna wa mambo ya mukojo. Weye uniambie fasi yenye iko inauma, miye nitakuonyesha mulango."

"Shingo," nikasema.

"Shingo tu?"

Mwanawe alikuwa amekaa pale mlangoni, na mke wake alikuwa anapepeta maharagwe hatua chache kutoka kwetu, ungo ukasimama ghafla. "Shingo tu," nikasema. Nilirudi nyumbani nikijidharau. Watu wanadhani kumchagua daktari ni kujua nani hodari. Sisi tulikuwa tunamchagua kwa lile ambalo mdomo unaweza kulisema, na mwili ukaachwa nje unangoja.

Wakati huohuo dada mkubwa wa mume wangu alifika kutoka Fataki. Upande wa Djugu kulikuwa na fununu tena, mifugo ilikuwa imechukuliwa kwenye kilima cha jirani yao, na yeye alisema anakuja kupumzika kidogo, ingawa mtu anayekuja kupumzika habebi kuku wake wote. Ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipokufa. Mwanamke mrefu, mnyofu, wa maneno makali na mkono wazi. Nampenda hadi leo, lakini nilipomwona anashusha mizigo yake moyo wangu ulishuka nayo.

"Wifi," aliniuliza siku ya pili, "ndugu yangu iko anakonda. Unamupikia nini?"

"Ni ugonjwa, wifi. Shingo."

"Shingo haikondeshe mutu." Alimtazama ndugu yake akivuka ua na viatu vyake vya kamba, amejishikilia ukutani. "Siye kwetu wanaume hawagonjwake ovyo. Baba yetu alikufa na miaka mingi, na mugongo yake ilikuwa chuma."

Alisema hivyo kwa fahari, bila nia mbaya, na mume wangu aliyekuwa akisikia alinyoosha mwili kama askari. Niliona jasho likimtoka kwa ule unyoofu. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitaka kumwambia wifi yangu methali hiyo, lakini methali ingekuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na kesi.

Ndipo redio ikatangaza kwamba daktari wa mishipa ya fahamu, bingwa kutoka Kinshasa, atakuja hospitali kubwa kuona wagonjwa kwa siku chache. Muuguzi wetu alikuja mwenyewe kutuambia. "Kama ni shingo, huyu njo mutu wenu," alisema, akanitazama mimi. Nikashukuru mbinguni. Siku ya daktari kufika risasi zikasikika upande wa kaskazini na ndege haikuja. Ikaahirishwa. Mume wangu akasema basi Mungu hataki, akaanza kuzungumza habari za safari ya Niania. Ikaahirishwa tena. Mimi nilikuwa nikiamka kila asubuhi nikisikiliza anga, na sikuwahi kabla kuiombea ndege ishuke Bunia. Miaka ya nyuma tulizoea kuziogopa. Hatimaye alifika.

Wifi yangu akasema naye atakwenda. "Siwezi kumwacha ndugu yangu na Kifaransa pekee yake." Tukaenda watatu, mume wangu nyuma ya pikipiki moja ameshika kola kwa mkono, sisi wawili juu ya nyingine. Kwenye varanda ya hospitali walikuwapo watu wa Aru, wa Mambasa, watu waliolala njiani, mama mmoja amembeba binti mkubwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Tulikaa hadi jua likageuka upande.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mchovu, miwani imeshuka puani. Alizungumza Kifaransa, na Lingala, na Kiswahili kidogo cha kuombea radhi. Mume wangu aliketi kwenye kiti, mimi kando yake, wifi kwenye benchi nyuma yetu. Akaeleza shingo. Aliieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyekariri somo. Daktari akamsikiliza, akamvua kola, akaigeuza shingo huku na huku.

"Na mokongo, papa?"

Lingala nayo imelibebesha neno lile mzigo uleule. Mume wangu akacheka kidogo. "Hapana, dokteri. Ni shingo tu."

Daktari hakucheka. Akamwambia avue viatu na kupanda kitandani, afumbe macho, na aseme "ndiyo" kila atakapoguswa na pini. Akaanza magotini. "Ndiyo," alisema mume wangu. Akashuka. "Ndiyo." Akafika kwenye unyayo, akagusa, kimya. Akagusa kidole, kimya. Kisha mume wangu, ambaye alihisi kwamba muda umepita, akasema "ndiyo" kwa sauti kubwa, na ile pini ilikuwa hewani, haijamgusa popote. "Ndiyo," akasema tena. Alikuwa anakisia. Alikuwa amefumba macho kwa utii kama mtoto anayeombewa, na anakisia, na sisi watatu tulikuwa tunaona. Nyuma yangu nikasikia wifi akivuta pumzi. Sikuwahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia mume wangu kwenye kitanda kile.

Daktari akamfunika miguu kwa shuka. Aliuliza tena, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Papa, kazi ya bwana kwa nyumba, iko?"

"Iko."

"Iko bien?"

"Iko, dokteri. Hakuna shida."

Daktari akageuza kichwa kwangu. "Mama?"

Nilisikia benchi nyuma yangu likilia, wifi alikuwa ameketi sawasawa. Nilifikiri juu ya ng'ombe, wale wa rangi ya majivu walioletwa kwa baba yangu. Nilifikiri juu ya watoto wangu. Mume wangu hakunitazama. Alitazama dari, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda.

"Haiko, dokteri," nikasema. "Tangu mvua ya kwanza. Haiko kabisa."

Nikangoja wifi asimame, nikangoja mume wangu anitukane. Badala yake alizungumza kwa sauti ndogo, bado anatazama dari.

"Na mukojo pia," alisema. "Inatoka bila kuniambia."

Hilo sikulijua. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ameanza kufua suruali zake mwenyewe, nami nikawa nikimtania mbele ya majirani kwamba nimepata mume wa Kizungu. Wifi yangu alikuja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akachukua unyayo wa ndugu yake na kuuweka mapajani mwake, akaanza kuusugua kama vile una baridi. Mume wangu hakujua kwamba anasuguliwa.

Daktari alieleza kwamba tatizo kubwa lilikuwa chini, kiunoni, mahali mishipa ya miguu na ya mkojo na ya ile kazi inapopita pamoja, na kwamba kitu kilikuwa kinaibana. Aliuliza kwa nini tumengoja. Nikamjibu kwamba hatukungoja, tulikwenda kwa kila mtu. Akasema ni lazima apasuliwe, na si hapa, na si mwezi ujao. Ndugu zangu wa sokoni na ndugu zake wa ng'ombe wakasaidiana, tukashuka Kasenyi na kuvuka ziwa kwenda Uganda, maana barabara ya Mahagi siku hizo hakuna aliyeiamini. Alipasuliwa Kampala.

Daktari wa Kampala alisema kweli yake bila kuzunguka. Miguu ataitumia, mmoja utaburuta. Mkojo utarudi kidogo kidogo. Lile jingine limechelewa. Mume wangu alisikiliza yote kwa adabu, akashukuru. Kamiyo ilipewa shofere mwingine kabla hatujarudi Bunia, na kesi haikufunguliwa kamwe. Wifi aliyaficha yale maneno yangu ndani ya kifua chake, na sijui yalimgharimu nini.

Tukiwa bado kule wodini, mchana mmoja wenye joto, nilikuwa nimeketi karibu naye nikimenya chungwa. Alikuwa amelala chali, mirija imetoka chini ya shuka.

"Ungelisema ile siku ya kwanza," aliniambia, "ningekurudisha kwenu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa habari tu, kama mtu anayekuambia njia fulani haipitiki.

"Najua," nikamwambia.

Akafumba macho. Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika, nikaweka chungwa chini, nikapitisha mikono chini ya mgongo wake kama wauguzi walivyonionyesha, nikamgeuza.